Sabuni Ndani ya Mkoba

Mama Sindano aliisikia ile harufu asubuhi ya Jumatano, pini zikiwa mdomoni na mkononi ameshika barakoa ya plastiki ya kuvutia dawa, iliyorudishwa na mteja ili ibadilishwe mkanda. Alikuwa na haraka. Jumamosi walikuwa wanakuja wageni wa shirika linalonunua vifaa vya hospitali, na mikoba ya kubebea mashine ilikuwa haijafika hata nusu. Akaisogeza barakoa karibu na uso apate kuliona tundu la mkanda, akavuta pumzi bila kukusudia, na mkono wake ukasimama pale pale.

Huyu ni mwanamke aliyekaa na cherehani tangu hajaolewa. Harufu ya mafuta ya mashine anaijua hata umwamshe usingizini, maana imeshamharibia magauni ya watu na kumgombanisha na wateja. Akazitema pini kiganjani, akanusa tena. Juu kulikuwa na sabuni ya kunukia, ile ile aliyokuwa akiitia yeye mwenyewe, kipande kwa kila mkoba. Chini ya sabuni kulikuwa na mafuta.

"Hee!" alisema peke yake.

Akachukua mashine mpya kwenye rafu, ile ya kuwapulizia dawa wagonjwa wa pumu, akaichomeka kwenye umeme na kufunga kitambaa cheupe kwenye mdomo wa mpira, pale upepo unapotokea. Akaiacha ingurume huku yeye akishona, au tuseme akijidai anashona. Alipokuja kukifungua kitambaa, katikati palikuwa na doa la manjano. Akalisugua kwa kidole gumba, likateleza.

Hakupiga kelele. Alikaa na kitambaa mapajani, akawa anajiuliza swali moja tu: ni nani aliyemwambia aanze kuweka sabuni? Na jibu alikuwa nalo.

Mumewe majirani walimwita Fundi Baridi, kwa sababu kabla ya kuwa mkurugenzi alikuwa fundi wa mafriji. Siku hizi ukimwita hivyo aliitika, lakini aliitika kama mtu aliyekanyagwa kidole. Alipenda "Mkurugenzi", na tusimlaumu sana, cheo chenyewe alikitolea jasho.

Kampuni ilianzia uani, na ilianza kwa sababu ya Bibi. Bibi ni mama mzazi wa Mama Sindano. Alipopasuliwa koo alirudi nyumbani na bomba dogo shingoni, na bomba lile lilikuwa linazibwa na makohozi, mtu anakuwa kama anazama nchi kavu. Mashine ya kufyonza ilikuwepo hospitali, na ya hospitali ni ya hospitali. Fundi Baridi akafumua friji bovu, akatoa kompresa, ile pampu yake, akaifunga mpira na chupa ya kioo, akaiwasha. Ikafyonza. Bibi akapumua. Siku ile mkwe alilia mbele ya mkwewe bila haya, na mkewe akamwona mwanamume kuliko wanaume wote.

Basi habari zikatembea. Mdogo wake Mama Sindano ni muuguzi, mtaa mzima unamwita Nesi, na yeye ndiye aliyewaambia wenzake. Mgonjwa mmoja akaomba, wa pili akaomba, zahanati ikaomba. Ua ukajaa kompresa, chumba cha wageni kikawa stoo, na siku moja wakahamia kwenye jengo la barabarani lenye milango ya kioo. Wakapatikana vijana wa ovaroli za buluu, mhuri, kadi za jina, na bango kubwa la kukaribisha watu. Mpaka hapo hapakuwa na kosa lolote, haki lazima isemwe.

Kosa lilikuja na mashine ya pumu. Watu walikuwa wanaiulizia, na Fundi Baridi alikuwa ameshavimba kichwa kidogo. "Mashine ni ile ile," alisema. "Ile inavuta, hii inapuliza. Tunageuza mpira tu." Ni kosa ambalo fundi friji peke yake ndiye angeweza kulifanya. Ndani ya kompresa ya friji mna mafuta ya kuilainisha. Yakitoka, huzunguka kwenye mabomba ya friji na kurudi yalikotoka, kwa hiyo fundi hana haja ya kuyafikiria. Mashine ya Bibi ilikuwa inafyonza, na kilichotoka upande wa pili kilipotelea hewani. Lakini ukishageuza mpira, upande unaotema mafuta ndio unaoelekea kwenye pua ya mgonjwa.

* * *

Alimkuta ofisini, anajaribu tai mbele ya kioo cha dirisha.

"Baba watoto, ile sabuni ni ya nini?"

"Sabuni gani?"

"Usijitie hamnazo. Sabuni ya kwenye mikoba."

"Si nilikwambia? Wateja wanapenda kitu kinachonukia. Ndiyo biashara."

Mama Sindano akatandika kitambaa mezani, juu ya kadi zake za jina. Fundi Baridi akalitazama lile doa. Akainuka, akaenda kufunga mlango, akarudi kuketi. Kwa kufunga mlango tu alikuwa ameshajibu.

"Umejua tangu lini?" aliuliza Mama Sindano.

"Sikujua mwanzoni. Wallahi sikujua. Niliposikia harufu nikaweka sponji."

"Sponji ya nini?"

"Ya kuchuja."

"Nakuuliza sponji gani."

Akailegeza tai. "Zile za kuoshea vyombo."

"Za kuoshea vyombo!"

"Mpya, mke wangu. Mpya kabisa, kutoka kwenye pakiti."

Mama Sindano alitaka kucheka, na kule kutaka kucheka ndiko kulikomtia uchungu. Alikuwa ameolewa na mtu mwerevu. Mtu mwerevu alikuwa ameweka sponji ya sufuria kati ya mafuta na vifua vya watu, kisha akamtuma mkewe akanunue sabuni.

"Watoto wanavuta mafuta, baba watoto."

"Ni kidogo. Ni kama moshi tu."

"Na Bosi?"

Hapo Fundi Baridi akageukia dirisha. Bosi ni mtoto wa Nesi, kabinti kenye pumu, kalipewa jina hilo kwa kuamrisha watu wazima. Sura yake ndiyo iliyokuwa kwenye bango la mlangoni, barakoa usoni, dole gumba juu, na chini yake maandishi: PUMUA BILA WASIWASI.

"Nisikilize," alisema Fundi Baridi, sauti imeshuka. "Kompresa zisizotumia mafuta zipo. Nimeshaziulizia. Ni ghali, sizimudu. Oda ya Jumamosi ikipita ninaziagiza, nabadilisha mashine zote, za watu wote, bure. Nikisema leo, oda hamna. Oda ikiwa hamna, kompresa hamna. Sasa hapo tutakuwa tumemsaidia nani?"

"Unapanga maneno vizuri."

"Nipe mpaka Jumatatu. Jumatatu nitaziita mashine zote zirudi. Nakuapia."

Ningependa kuwaambieni kwamba mwanamke yule alikataa. Hakukataa. Aliwafikiria vijana wa ovaroli za buluu, akafikiria ada za wanawe walioko shule ya bweni, akafikiria jinsi shoga zake walivyokuwa wakimwita "mke wa mkurugenzi" kwa kumtania na yeye akijifanya hapendi. Akasema, "Mpaka Jumatatu." Akakichukua kitambaa chake, akarudi kwenye cherehani.

Alipomaliza mkoba wa kwanza, mkono ulikwenda wenyewe kwenye boksi la sabuni. Akauona ulivyokwenda. Aibu ikampanda, aibu ya kujijua. Na sabuni akaitia.

Jioni, mezani, watu wazima watatu walikula kama wapangaji wasiojuana. Bibi huwezi kumficha kitu. Ili azungumze humbidi azibe tundu la bomba shingoni kwa kidole, na kwa kuwa kila neno linamgharimu pumzi, hapotezi maneno. Aliwatazama, akaziba.

"Kuna nini?"

"Kazi tu, mama," alijibu mkwewe. "Wageni wa Jumamosi."

Bibi akawatazama tena, mmoja mmoja. Akaziba.

"Waongo."

Akaendelea kunywa chai yake.

* * *

Nesi alikuwa na desturi ya kuja kila Ijumaa kumsafishia mama yao bomba. Alikuja na sare yake ya kazi, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akamkalisha Bibi karibu na dirisha. Mama Sindano akasimama kando amemshikia beseni. Tangu Jumatano alikuwa anayatafuta maneno, na aliyoyapata yalikuwa ya kijinga.

"Eti, ile mashine ya Bosi. Tungeomba tuichukue kidogo."

"Kuna nini?"

"Tunabadilisha rangi."

"Rangi?"

"Ya boksi. Ile ya zamani imepitwa. Sasa tunataka, unajua tena, zote zifanane."

Nesi akaacha kufuta bomba. Akamtazama dada yake kwa muda, kisha akacheka, kicheko kifupi kisichokuwa na raha yoyote ndani yake.

"Dada, ile mashine iko juu ya kabati. Haijawashwa siku nyingi."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza mimi kwa nini?"

Mama Sindano akaliinamisha beseni bila kujua, maji yakamwagika kwenye kanga yake. Hakuna aliyeinama kuyafuta.

"Bosi alikuwa anakohoa zaidi akishaitumia," Nesi alisema. "Siku ya kwanza nikasema ni ugonjwa. Ya pili nikainusa. Mimi ni muuguzi, dada, siyo kwamba sina pua. Tangu hapo akibanwa nambeba naenda naye kazini, tunakaa kwenye benchi tunasubiri zamu na wenzetu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje?" Sasa alikuwa amepandisha sauti. "Huyu mama yuko hapa anakunywa chai kwa sababu ya mikono ya mume wako! Nije mimi, mdogo mtu, niseme mashine ya shemeji inatema mafuta? Nilisema labda ni hii yangu tu ndiyo mbovu. Kila siku nilikuwa nasema labda."

"Na akina mama wa pale kliniki kwenu?"

Nesi akakunja taulo. Akalikunjua, akalikunja tena.

"Waliniuliza. Si wanamwona Bosi kwenye bango. Wakasema, Nesi, wewe ndiye unayejua, hii kitu ni nzuri? Nikawaambia ni nzuri." Macho yalikuwa yamemjaa machozi lakini hayakudondoka. "Yule Mama Pacha aliuza kabati lake la vyombo akanunua. Aliniletea embe za kunishukuru. Nikazila."

Hawa ni ndugu wawili wa tumbo moja, na hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake. Katika familia ile kila mmoja alikuwa amemsitiri mwingine, na kwa kusitiriana kule watoto wa watu walikuwa wamevuta mafuta mwaka karibu wote.

Bibi akainua kidole, akakiweka shingoni.

"Msinitumie mimi." Akapumua, akaziba tena. "Pumzi yangu. Isiwe kisingizio." Akapumua. Uso ulikuwa umemwiva kwa kujikamua. "Mnanifanya nione aibu. Kwa kuishi."

Mama Sindano akaangua kilio. Alipogeuka kutafuta kitu cha kujifutia alimwona mumewe mlangoni. Alikuwa amekuja kuuliza ni tai ipi avae kesho, na tai zote mbili zilikuwa zimening'inia mkononi mwake. Ni wazi kwamba alikuwa hapo muda mrefu. Hakuuliza tena. Akaondoka kwa kurudi nyuma, polepole, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mtu.

* * *

Jumamosi wageni walifika mapema, wanaume wawili na mwanamke wa makamo aliyevaa miwani, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Vijana walijipanga mstari na ovaroli zilizopigwa pasi. Soda zilikuwa kwenye barafu. Mama Sindano alisimama karibu na meza ya maonyesho, macho sakafuni. Fundi Baridi hakuwa amevaa tai, na alikuwa hajamwambia mkewe amekata shauri gani. Kusema kweli alikuwa hajakata shauri lolote. Alikuwa anaongea tu, akiwapeleka wageni huku na huku, akiombea saa zipite.

Aliwaonyesha mashine ya kufyonza, akaisifu, na ilistahili. Yule mama akauliza maswali ya maana, akajibiwa vizuri, akawa anaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafika kwenye mashine ya pumu. Akafungua zipu ya mkoba, akautazama mshono.

"Nani ameishona mikoba hii?"

"Mke wangu," alisema Fundi Baridi.

"Mikono yako ina baraka, mama."

"Asante," alisema Mama Sindano, na akatamani ardhi ipasuke.

"Naweza kuijaribu? Na mimi nina pumu, tangu utotoni. Mashine nyingine kelele zake tu zinakumalizia pumzi."

Kabla hajajibiwa alikuwa ameshavua miwani na kuivaa barakoa. Kijana mmoja, kwa adabu zake zote, akamwashia swichi. Mashine ikaanza kunguruma taratibu. Yule mama akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, akatabasamu ndani ya plastiki.

"Hata inanukia vizuri," alisema.

Akavuta tena. Fundi Baridi alikuwa amesimama mbele yake. Na hapa sitaki kumpamba, hakufanya alichofanya kwa ushujaa. Mashine hizi alikuwa akiziuza ndani ya maboksi, watu wakitia kwapani na kwenda zao. Tangu ile siku ya picha ya Bosi hakuwahi tena kumwona mtu akiivuta. Aliona kifua cha yule mama kikipanda, akaona shingo yake, akaona jinsi alivyokuwa amefumba macho kwa kumwamini mtu asiyemjua. Mkono ukaruka. Akamvua barakoa usoni kwa nguvu, mpira ukachomoka na mkanda ukamkwaruza mgeni sikio.

"We!" alifoka mmoja wa wale wanaume.

"Samahani. Usivute. Samahani sana, mama. Ina mafuta."

"Mafuta gani?"

Akaeleza. Alieleza vibaya, akianzia mwisho, akarudi kwenye friji, akaruka kwenye sponji. Alipotaja sponji ya vyombo kijana mmoja wa ovaroli akaguna, halafu akainama. Hata wao hawakuwa wanajua, waliambiwa ni chujio. Yule mama alitoa karatasi laini kwenye mkoba wake, akajifuta mdomo na pua, akaitazama ile karatasi, akajifuta tena.

"Mmeshauza nyingi?"

"Nyingi."

"Na walionunua wanajua?"

"Jumatatu nilikuwa nimepanga…"

"Hawajui," alisema yule mama. Akavaa miwani yake. Hakuonekana kukasirika, na afadhali angekasirika. "Na hii sabuni iliyo kwenye mkoba?"

Fundi Baridi akafungua mdomo, lakini aliyejibu ni mkewe. "Sabuni ni mimi. Nilikuwa naiweka bila kujua. Tangu Jumatano naiweka nikijua."

Wageni hawakukaa. Walishukuru kwa kukaribishwa, wakaagana kwa mkono na kila mtu hata vijana, wakasema watawasiliana, na kila aliyekuwepo akajua maana yake. Mwanamume mmoja aliomba kuonyeshwa choo, na kwa sababu kila mtu alikuwa ameinamia sakafu ikabidi akitafute mwenyewe. Gari lilipoondoka, kijana aliyepangiwa vinywaji akauliza kwa sauti ndogo, "Mkurugenzi, soda tuzirudishe dukani?"

"Kunyweni," alisema Fundi Baridi. "Kunyweni tu, jamani." Lakini hakuna aliyefungua hata moja.

Alikwenda mlangoni akalibandua bango. Halikubanduka vizuri, gundi ilikuwa ya uhakika. Mkewe akaja kumsaidia kwa kucha. Wakalikwangua pamoja bila kusemezana mpaka uso wa mtoto ukatoka wote.

* * *

Jumatatu walikwenda kliniki. Nesi ndiye aliyechagua, alisema waanzie pale ambapo na yeye atasimama. Ukumbi wa kusubiria ulikuwa umejaa akina mama na watoto, benchi zote zimekaliwa, wengine wamekaa sakafuni, foleni imetoka nje mpaka kwenye ngazi. Mwishoni mwa ukumbi kulikuwa na chumba cha kupulizia dawa, na humo chumbani mashine moja kuukuu ya hospitali, zamu kwa zamu.

Fundi Baridi alisimama kwenye mlango wa kile chumba, mahali pekee palipobaki nafasi. Mama Sindano upande huu, Nesi upande ule.

"Akina mama, naomba dakika," alisema Nesi. "Huyu ni shemeji yangu. Ndiye mwenye kampuni ya zile mashine za pumu."

Wakapiga makofi! Ukumbi mzima. Mama mmoja akapiga kigelegele, mwingine akamwonyesha mwanawe, "Mwone, ndiye yule!" Mama Pacha, aliyeuza kabati, alisimama kabisa na kuunganisha mikono kwa shukrani. Yale makofi yalimpiga Fundi Baridi kuliko ambavyo yangempiga makofi ya uso. Akasubiri yaishe, na hayakuwa na haraka ya kuisha.

"Ndugu wateja wetu," alianza, "kumejitokeza changamoto ndogo ya kiufundi ambayo kampuni yetu…"

"Sema mafuta," alisema mkewe.

Akajipangusa uso kwa kiganja.

"Mashine niliyowauzia inatoa mafuta. Yanaingia kifuani kwa mtoto. Nilijua, nikaendelea kuuza. Msiitumie tena, hata leo. Walioitumia, hasa wanaokohoa, waonwe na daktari. Na ileteni hapa, nitaichukua na nitawarudishia hela zenu. Sijui nitazitoa wapi lakini nitawarudishia."

Ikasikika sauti ya vifua vya watoto. Kisha Nesi akasema, "Na mimi nilijua. Mliponiuliza nikawaambia ni nzuri. Nilikuwa najua."

"Nesi?" alisema Mama Pacha. Alikuwa bado amesimama. "Wewe, Nesi?"

Mama Pacha aliendelea kumtazama, halafu akaketi polepole, akawavuta pacha wake wote wawili karibu na mapaja yake na kuwafunika na kanga, kana kwamba mtu alikuwa anataka kuwachukua. Hakutukana. Wengine walikuwa wameanza kunong'ona, mmoja akalia, mmoja akasema kwa sauti kwamba watu kama hawa wanafaa kufungwa, na Fundi Baridi akaitikia kwa kichwa, kweli kabisa, kama mtu anayekubaliana na hesabu.

Mbele kabisa ya foleni alikuwa amekaa mwanamke kijana na mtoto wa kiume mgongoni. Mtoto alikuwa anavuta pumzi kwa mabega, kila pumzi na filimbi yake. Mama yake alikuwa amesikiliza yote bila kubadilika uso.

"Hiyo mashine ninayo," alisema. "Usiku akibanwa, ndiyo inayotufikisha asubuhi. Sasa leo akibanwa, nimpe nini?"

"Nitakurudishia hela yako yote, mama. Wewe nitaanza na wewe."

"Sijaulizia hela. Nimeulizia leo."

Fundi Baridi akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama Nesi. Nesi akasema, kwa sauti ambayo haikufika hata benchi ya pili, "Umlete hapa. Utakaa foleni na wenzako."

Yule mwanamke akageuka nyuma, akaitazama foleni, akaifuata kwa macho mpaka ilipopinda kwenye ngazi na kupotea. Akageuka mbele tena. Ndani ya chumba mashine kuukuu ilikuwa imenyamaza, zamu iliyotangulia imekwisha. Akamweka mtoto vizuri mgongoni, akainuka, akaja mpaka pale mlangoni, akasimama mbele ya Fundi Baridi karibu kabisa. Fundi Baridi aliinamisha kichwa akidhani anataka kumtemea mate, na alikuwa tayari.

"Basi sogea, baba," alisema yule mwanamke. "Umetuzibia njia."

Akasogea.